Tafakari ya Juma: Pippo Mwema na Pippo Asiyejua



Tarehe 26 Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Filipo Neri, padri. Tukihubiri katika Misa ya asubuhi ya siku hiyo tulisema, kwa kupita tu, kwamba watu wa mji wa Firenze alikozaliwa walimwita tangu utotoni "Pippo buono", yaani Pippo mwema. Waamini kadhaa walitabasamu, nasi tukaendelea na mahubiri. Misa ilipokwisha, mzee mmoja ambaye tangu tuhamie parokia hii hajapata kutulaumu kwa jambo lolote alitufuata sakristia, kofia ikiwa mkononi. "Baba Paroko," alisema, "uniwie radhi. Mtakatifu wa Mungu tunamwita kwa jina la kuchezea watoto? Mimi nilipokuwa kijana nilibandikwa jina la namna hiyo, na mpaka leo ninalibeba. Najua uzito wake."

Tulikuwa na jibu la haraka mdomoni, la kwamba Waitaliano ndivyo walivyo. Bahati njema hatukulitoa, kwa sababu lilikuwa jepesi kuliko swali. Tumelichukua swali hilo nyumbani, tukalala nalo siku kadhaa, na kadiri tulivyozidi kulitafakari jina hilo ndivyo tulivyozidi kuona kwamba mzee wetu ameshika ncha moja ya kweli, nasi tumeshika ncha nyingine. Tunamwandikia yeye kwanza, tukijua kwamba mjukuu wake humsomea ukurasa huu kila juma.

Tuanze na jina lenyewe. Filippo ni jina lenye asili ya Kigiriki, na maana yake ni "apendaye farasi". Mtoto mdogo hulisikia akashindwa kulibeba lote. Hushika silabi ya mwisho, huirudia mwanzoni, na Filippo huwa Pippo. Wakubwa husikia, hucheka, na jina hubaki hata mtoto akiota ndevu. Mwalimu wa Kigiriki angeona hapa jambo la kuchekesha: kilichokatwa katika jina hilo ni kupenda, na kilichobaki ni farasi. Lakini si kila Pippo ni Filippo. Giuseppe, ambaye kwetu ni Yosefu, kaskazini mwa Italia huwa Beppe, kusini huwa Peppe au Peppino, pengine Pino, na katika kisiwa cha Sisilia mara nyingi sana huwa Pippo. Masakristani wa kule hupenda kusimulia kwamba herufi hizo mbili za P zatokana na maneno ya Kilatini "pater putativus", yaani yeye aliyedhaniwa kuwa baba, kama Yosefu alivyodhaniwa kuwa baba wa Yesu. Ni hadithi tamu, nasi tuliwahi kuihubiri kama kweli tupu. Wataalamu wa lugha hawaikubali. Wasema ni ulimi wa mtoto tu uliofanya kazi yake.

Wala tusidhani kwamba jina hilo ni la watoto peke yao. Huko Firenze alikuwapo Filippo Scolari, aliyezaliwa mwaka 1369, akaenda Hungaria kumtumikia mfalme Sigismund, akawa jemadari mkubwa aliyepigana na Waturuki hadi kifo chake mwaka 1426. Historia yamjua kwa jina la Pippo Spano, na hilo "Spano" latokana na cheo cha Kihungaria. Katikati ya karne ya 15 mchoraji Andrea del Castagno alimweka miongoni mwa watu mashuhuri: amesimama miguu ikiwa imepanuka, amevaa deraya, upanga mikononi. Uso wake hauna utani hata chembe. Na bado ni Pippo.

Sasa tumtazame Pippo wetu. Alizaliwa tarehe 21 Julai 1515, mtoto wa mwandishi wa hati za kisheria. Mama yake alifariki mapema, akalelewa na mama wa kambo aliyempenda kama mtoto wa tumbo lake. Waliosimulia utoto wake hutaja kosa moja tu la kukumbukwa, kwamba siku moja alimsukuma dada yake aliyekuwa akimsumbua wakati wa kusali Zaburi. Alipofikia umri wa miaka 18 hivi alipelekwa San Germano, chini ya Monte Cassino, kwa ndugu mfanyabiashara ambaye angemrithisha mali. Aliiacha mali hiyo akaenda Roma bila kitu. Huko alipewa chumba na mtu wa Firenze aliyekuwa afisa wa forodha, akawafundisha watoto wake wawili, akala kidogo, akakesha akisali katika katakombe ya Mtakatifu Sebastiano. Tunapenda kuwakumbusha walei kwamba mtakatifu huyu aliishi Roma kama mlei kwa zaidi ya miaka 15, akiwahudumia wagonjwa na mahujaji, kabla ya kupewa daraja ya upadre tarehe 23 Mei 1551.

Alipokuwa padri umaarufu ulianza kumwandama. Vijana wa madukani, wanamuziki, waheshimiwa na makardinali walikuja chumbani kwake kuungama na kusali pamoja naye, na kutoka mikusanyiko hiyo ikazaliwa Kongregasio ya Oratorio, iliyotambuliwa na Papa Gregori XIII mwaka 1575. Na kadiri watu walivyomwita mtakatifu angali hai, ndivyo yeye alivyozidi kujifanya kichekesho. Alitoka nje amenyoa nusu ya ndevu. Alivaa koti ndani nje. Walipoletwa kwake wageni waheshimiwa kutoka Polandi waone mtu wa Mungu, aliwakalisha akaamuru asomewe kitabu cha vichekesho, akawa anawaeleza jinsi anavyothamini maandiko mazito kama hayo. Mwanafunzi wake Cesare Baronio, aliyeandika historia kubwa ya Kanisa katika mabuku 12 na baadaye akawa kardinali, alipangiwa zamu za jikoni mfululizo mpaka akaandika kwa mkono wake juu ya bomba la moshi kwamba yeye ni Baronio, mpishi wa milele. Wapo wanaoona hayo kuwa ni upuuzi usiomfaa padri. Sisi twaona kuwa ni kazi ngumu. Mtu akikuita mtakatifu, lililo rahisi ni kunyamaza na kuanza kutembea polepole.

Alifariki tarehe 26 Mei 1595, akatangazwa mtakatifu tarehe 12 Machi 1622 pamoja na Inyasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Isidori Mkulima. Warumi, kwa ulimi wao usiolala, walisema kwamba siku hiyo Papa alitangaza Wahispania wanne na mtakatifu mmoja. Hiyo si haki kwa Wahispania, lakini yaonyesha jinsi walivyomhesabu Filipo kuwa wao, ingawa alizaliwa Firenze. Mapenzi hayo hayajafa. Mwaka 1983 mwongozaji Luigi Magni alitoa filamu juu yake, na mwaka 2010 televisheni ya taifa, RAI, ikaonyesha nyingine, mwigizaji Gigi Proietti akiwa ndiye Filipo, amezungukwa na watoto wa mitaani.

Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa mzee wetu ni hili: mtakatifu huyu hakupokonywa heshima na jina lake dogo. Alilipewa na majirani waliomwona akipita mlangoni, wakamwongezea neno "mwema", naye akaishi miaka karibu 80 bila kujaribu kuwa mkubwa kuliko jina hilo.

Hata hivyo tukiishia hapo tutakuwa tumemdanganya mzee wetu, maana jina Pippo lina upande mwingine, na Waitaliano wenyewe wanaufahamu vizuri. Mwaka 1932 lilianza kutolewa huko Firenze gazeti la watoto lenye picha za panya maarufu wa Marekani, ambaye Italia anaitwa Topolino. Rafiki ya panya huyo, yule mbwa mrefu mwenye kofia na viatu vikubwa, ambaye Wamarekani humwita Goofy, alipofika Italia alipewa jina la Pippo. Ni mwema, ni mwaminifu, na kichwani hamna mengi. Tangu hapo kila mtoto wa Italia anayeitwa Filippo hukua akijua kwamba jina lake la nyumbani ni jina la mbwa huyo. Wengine wameligeuza kuwa sifa. Mshambuliaji Filippo Inzaghi, aliyeifungia Milan mabao yote mawili katika fainali ya klabu bingwa ya Ulaya jijini Athens tarehe 23 Mei 2007, aliitwa na mashabiki "Superpippo", ambalo ni jina la mbwa yuleyule anapokula karanga na kupata nguvu za ajabu. Na mafundi wa kompyuta wa Italia wanapotaka jina lolote lisilo na maana kwa ajili ya mfano, huandika "pippo". Wakihitaji la pili huandika "pluto", na la tatu "paperino", ambaye ni yule bata. Yaani jina la mtakatifu wetu limekuwa pia jina la yeyote, jina la mtu asiyekuwapo.

Kisha upo wimbo. Mwaka 1940 mwanamuziki Gorni Kramer alitunga muziki wa wimbo mwepesi ulioimbwa nchi nzima, na kichwa chake kwa Kiswahili ni kama kusema "Pippo hajui". Pippo wa wimbo huo anapita mjini amevaa nguo zake kwa mpangilio wa ajabu, la ndani nje na la nje ndani, akijiona kijana mtanashati. Mji mzima unamcheka. Washona nguo wanakonyezana. Yeye anasonga mbele kwa maringo, hajui. Tulipousikia kwa mara ya kwanza tulicheka, na hatukuona lolote. Ni baadaye sana tulipotambua kwamba tulikuwa tumesikia habari ya watu wawili waliovaa nguo vibaya katika miji ya Italia na kuchekwa na wapita njia. Mmoja alijua, na alikuwa amelipanga yeye mwenyewe. Mwingine hakuambiwa.

Miaka mitatu baada ya wimbo huo, vita vikiwa vimeingia ndani ya Italia yenyewe, jina lilipanda angani. Kati ya mwaka 1943 na 1945, katika miji na vijiji vya kaskazini vilivyokuwa chini ya Wajerumani, watu walisikia usiku ndege moja ikivuma peke yake gizani. Palipoonekana mwanga wa taa, bomu lingeweza kuanguka au risasi zikamiminwa. Watu waliiita ndege hiyo Pippo. Ni ya nani? Kila mtu alikuwa na maelezo yake: wengine walisema ni ya Waingereza, wengine ya Wajerumani, wengine ya mafashisti wanaowachunguza raia wao. Ukweli ni kwamba hazikuwa ndege moja, bali ndege nyingi za Mataifa Shirika zilizotumwa usiku kuvuruga njia za adui, lakini katika midomo ya watu zilikuwa Pippo mmoja, aliyekuwa kila mahali. Akina mama walizima taa, wakawanyamazisha watoto kwa kuwaambia Pippo anakuja. Bila shaka hofu yenye jina dogo hubebeka kuliko hofu isiyo na jina. Lakini angalieni jambo moja: hakuna aliyeweza kutoka nje akaiita ndege ile ikaitika. Ilisemwa tu, kwa kunong'ona, dirisha likiwa limefunikwa blanketi.

Hapo ndipo tulipokumbuka habari yetu wenyewe, ambayo hatujaisimulia parokiani hapa.

Tulipokuwa wanafunzi Roma tuliishi katika nyumba moja ya mapadri wanafunzi. Mlangoni palikuwa na bawabu, mtu mrefu, mwembamba, mwenye viatu vikubwa na mwendo wa kuyumba, aliyekuwa akiangusha mafunguo yake kila mara. Siku ya kwanza tulisikia mezani kila mtu akimtaja: Pippo amechelewesha barua, Pippo amesahau kuwasha mashine ya kupasha maji, Pippo hivi na Pippo vile. Kiitaliano chetu kilikuwa cha wiki tatu. Tuliamini kwamba hilo ndilo jina lake. Kesho yake asubuhi tulipofika mlangoni tukainama kidogo, kama tulivyofundishwa nyumbani kumsalimu aliyetutangulia kuzaliwa, tukasema kwa sauti iliyo wazi, "Buongiorno, signor Pippo." Nyuma yetu wanafunzi wawili waligeukia ukutani wakijizuia kucheka.

Bawabu alitutazama kwa muda mrefu. Akatuuliza polepole, ili tuelewe, ni wapi tulikolipata jina hilo. Tukajibu kwamba kila mtu humwita hivyo. Alitikisa kichwa. "Padre," alisema, "katika nyumba hii hakuna anayeniita hivyo. Hivyo ndivyo wanavyonisema." Kisha akatuambia jina lake la ubatizo, ambalo halikuwa Filippo wala Giuseppe. Jina Pippo lilitokana na viatu vyake na mwendo wake, na na yule mbwa.

Tungependa kuwaandikia kwamba tangu siku hiyo tuliacha. Hatukuacha. Mlangoni tulimwita kwa jina lake la ubatizo, kwa heshima zote. Mezani, pamoja na wenzetu, tuliendelea kusema Pippo kwa miaka yote miwili iliyofuata. Tulikuwa wageni, lugha ilitupiga chenga, na kucheka pamoja na wengine kulikuwa mlango mwepesi kupita yote wa kuingia katika kundi. Tofauti yetu na wale wanafunzi wawili ni kwamba wao walidhani yeye hajui, nasi tulijua kwamba anajua.

Basi huyo bawabu ndiye aliyetupatia neno tulilolihitaji kumjibu mzee wetu. Jina dogo la kumwita mtu ni jambo moja, na jina dogo la kumsema mtu ni jambo jingine, hata kama herufi ni zilezile. La kwanza humgeuza mtu uso. Aitwaye huitika, na akiudhika anaweza kusema. La pili humpita mgongoni. Lugha yetu ya Kiswahili inalisema hili vizuri kuliko tunavyolitenda, kwa maana sisi husema "jina la utani", na utani una sheria zake: mtani hukutania usoni, nawe una haki ya kumrudishia, na siku ya msiba ndiye anayekuja kuchota maji na kuchekesha wafiwa. Sisilia wanalo neno jingine kwa majina ya namna hiyo. Wanayaita "'nciuria", na maana yake ni tusi. Tunawasifu kwa ukweli wao.

Yanasimuliwa mengi juu ya namna Pippo mwema alivyowatibu waungamaji wake, na maarufu kuliko yote ni ya mwanamke aliyekuwa na mazoea ya kusengenya. Filipo alimwagiza anunue kuku, amlete huku akimnyonyoa njiani. Alipofika, akaagizwa arudi aokote manyoya yote. Kila katekista anaijua hadithi hiyo, na sisi wenyewe tumeihubiri pengine mara kumi, kila mara tukiwa tunamfikiria mwanamke fulani kanisani. Mezani pale Roma hatukuikumbuka hata mara moja.

Tumetaja Sisilia, na hatuwezi kuiacha haraka, kwa sababu huko majina haya yamepimwa kwa damu. Katika kisiwa hicho wauaji pia wana majina madogo. Salvatore Riina, mkuu wa mafia, alijulikana kama Totò Mfupi, na mtu asingethubutu kulitamka hilo la "Mfupi" mbele ya macho yake. Giuseppe Fava alikuwa mwandishi wa habari huko Catania, na marafiki, wasomaji na maadui wote walimjua kuwa Pippo Fava. Alianzisha gazeti la "I Siciliani", akaandika wazi, kwa majina kamili, juu ya matajiri na uhusiano wao na mafia. Alipigwa risasi jioni ya tarehe 5 Januari 1984, akiwa na umri wa miaka 58. Kisha yakaanza maneno. Ilisemekana ni habari ya wanawake. Ilisemekana ni habari ya fedha. Wapo waliolala vizuri zaidi kwa kuyaamini hayo. Ilichukua miaka mingi mpaka mahakama ikamtia hatiani Nitto Santapaola, mkuu wa mafia wa Catania, kuwa ndiye aliyeagiza. Huyo Pippo aliandika majina ya watu mbele ya uso wao. Wao wakamsema baada ya kuhakikisha kwamba hawezi kujibu.

Na Palermo alikuwapo padri mwenzetu, Giuseppe Puglisi, ambaye watoto wa mtaa wa Brancaccio walimwita Don Pino, au kwa kifupi zaidi "3P", yaani Padre Pino Puglisi. Aliwafungulia kituo cha malezi watoto ambao mafia ilikuwa inawahesabu kuwa wake. Aliuawa mlangoni kwake tarehe 15 Septemba 1993, siku aliyotimiza miaka 56. Muuaji wake, Salvatore Grigoli, alijulikana katika kundi lake kama Mwindaji. Baadaye alipokuwa anatoa ushahidi alieleza kwamba padri aliwatazama akatabasamu. Don Pino alitangazwa mwenye heri tarehe 25 Mei 2013, na katika kalenda siku hiyo yaitangulia ile ya Filipo Neri. Tunapomtaja altareni twasema Mwenye Heri Yosefu Puglisi, kama inavyostahili. Lakini watoto wale, ambao sasa ni watu wazima, bado wasema Don Pino, na hatujui paroko atakayewasahihisha.

Hata Pippo Baudo, mtangazaji wa televisheni aliyeongoza tamasha la nyimbo la Sanremo mara 13, naye akiwa Giuseppe wa Sisilia, alipofariki tarehe 16 Agosti 2025 akiwa na miaka 89, taifa zima liliagana na Pippo. Sidhani kama wengi walijiuliza jina lake la ubatizo lilikuwa lipi.

Kwa hiyo, mzee wetu, Kanisani tutaendelea kusali kwa maombezi ya Mtakatifu Filipo, na katika mahubiri, tukipata nafasi, tutamtaja tena kuwa Pippo mwema, maana ndivyo alivyoitwa na watu waliomtazama usoni. Lakini umetufundisha kutolitamka jina hilo kwa ajili ya kupata kicheko tu. Tukiri kwamba asubuhi ile ndicho tulichokuwa tunakitafuta, maana tuliona watu wanasinzia.

Limebaki jambo moja. Italia kuna desturi ya kubandika ukutani matangazo ya vifo, karatasi yenye ukingo mweusi, na hasa katika miji midogo, chini ya jina la marehemu huandikwa neno "detto", yaani "aitwaye", kisha jina lake la mtaani, ili majirani wajue kweli ni nani aliyekufa. Kule Chioggia, ambako jamaa nyingi mno zina jina moja la ukoo, neno hilo huingia hata katika hati za serikali. Mwaka wetu wa mwisho wa masomo bawabu wetu alifariki. Tulikwenda watatu kutoka nyumba ile hadi kijijini kwake, mwendo wa saa moja na nusu kwa treni. Karibu na kanisa tuliliona tangazo lake ukutani. Jina lake la ubatizo tulilifahamu. Chini yake paliandikwa "detto", na kufuatiwa na jina dogo zuri ambalo hatukuwahi kulisikia. Ilitubidi tusome tena ili kuhakikisha kwamba ni yeye. Katika Misa kanisa lilijaa, na wakati wa kuaga mama mmoja mzee alilitamka jina hilo juu ya jeneza mara mbili, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Hatuliandiki hapa. Hatukupata kumwita kwa hilo.

Na lile ulilobandikwa wewe, mzee wetu, hatulijui. Tungeweza kuwauliza wa rika lako. Hatujawauliza.